Kachero wa Handeni hana haja ya kujificha

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akitaka kununua shamba kubwa la machungwa upande wa Kabuku, au mwekezaji akitupia jicho eneo la mkonge lililotelekezwa karibu na Korogwe, kuna mtu hutangulizwa kabla fedha hazijatoka benki. Jina lake haliandikwi kwenye mkataba, na siku ya kukabidhiana hati hayumo kwenye picha. Kazi yake ni kumweleza mteja kama muuzaji ndiye mwenye mali, kama mipaka iliyochorwa ndiyo iliyoko ardhini, na kama kuna ndugu, jirani au kijiji kizima kitakachoibuka baadaye na kesi. Huyo ndiye mpelelezi binafsi, na wanaomtuma ni watu wazito: wafanyabiashara, wanasiasa, mawakili wa kampuni za kigeni, familia zinazogombea mirathi ya mabilioni.

Nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu katika kazi hii hawaupendi. Mpelelezi binafsi si jasusi wa kukodi. Ni shahidi anayelipwa kutafuta. Jambo lolote ambalo hawezi kulieleza mbele ya hakimu akiwa ameapa, pamoja na njia aliyolipatia, halimsaidii mteja na linaweza kumfunga yeye mwenyewe. Kadiri mteja anavyokuwa mkubwa ndivyo sharti hili linavyobana, maana mkubwa ana mahasimu wenye fedha, na mahasimu wenye fedha wana mawakili wanaojua kuhoji.

Najua picha iliyomo vichwani mwa wengi inatoka wapi. Sisi tuliokulia kwenye riwaya za Kiswahili tulilishwa makachero wa kila aina. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa, Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, na Ben Mtobwa akamuumba Joram Kiango, mpelelezi binafsi anayeingia hotelini kama mwenye hoteli na kutoka na siri ya adui. Nawaheshimu waandishi hao. Lakini ni Bwana Msa peke yake, na kiko chake, anayekaribia kazi yenyewe, kwa sababu yeye huuliza, husikiliza na hufikiri. Wale wengine wawili wangefunguliwa jalada kabla ya wiki kwisha.

Chukua suala la kujificha. Mjini Dar es Salaam mtu anaweza kuegesha gari mtaani siku nzima bila kuulizwa. Hebu jaribu Chanika, pale Handeni mjini. Gari lenye vioo vyeusi likilala nyumba ya wageni usiku mmoja, asubuhi mama ntilie anajua umetoka wapi, bodaboda wanajua umeuliza habari za nani, na kufikia adhuhuri mji mzima unanong'ona kwamba mashushushu wameingia. Vijijini ni hatari zaidi. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi mkoani Dodoma, watafiti wa kituo cha kilimo cha Selian pamoja na dereva wao waliuawa na wananchi waliodhani ni wanyonya damu. Wale walikuwa watumishi wa umma waliokwenda kuchukua sampuli za udongo. Sasa mfikirie mtu aliyekuja kuuliza maswali kwa kunong'ona, hana barua, na anapiga picha mipaka ya mashamba ya watu.

Ndiyo maana mpelelezi anayejua kazi yake huingia kijijini kwa mlango wa mbele. Anakwenda ofisi ya kijiji, anamsalimia mtendaji na mwenyekiti, anatoa barua ya utambulisho ya wakili aliyemtuma, anasaini kitabu cha wageni. Kisha anaeleza shida yake bila kuzunguka: kuna mtu anataka kununua eneo fulani, nimekuja kujua historia yake. Mgeni akishasema amekuja kufanya nini, watu hawana tena sababu ya kumtungia sababu. Wazee wa kitongoji ambao wangemkimbia mpelelezi wa kujificha watakaa naye chini ya mwembe na kumweleza nani alifyeka pori lile kwanza, nani alizikwa pale, na ni mwaka gani mto ulihama na kuvuruga mpaka.

Halafu zinakuja karatasi, na hapa ndipo kazi ilipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo mtu akikwambia kijiji kilimpa ekari kadhaa, swali la kwanza ni hili: muhtasari wa mkutano uko wapi? Niliwahi kuonyeshwa muhtasari wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Handeni, umeandikwa kwenye kaunta buku la jalada gumu. Kwa mtazamo wa haraka ulikuwa safi: ajenda, maazimio, orodha ya mahudhurio, muhuri. Nilipofungua ukurasa ule na kuulaza vizuri, karatasi ya upande wa pili wa daftari ikabaki mkononi. Kaunta buku limeshonwa kwa uzi katikati, kila karatasi ina pacha wake. Ukikata moja kwa wembe, pacha huachia. Kuna ukurasa uliokuwa umetolewa, na huu nilioonyeshwa uliandikwa mahali palipobaki wazi. Kwenye mahudhurio, majina yote yalikuwa ya wino mmoja, na herufi "g" ilikuwa na mkia uleule kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, ingawa waliodaiwa kusaini walikuwa watu wa vitongoji vinne tofauti. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa pale kama anamfahamu mtu wa tatu kwenye orodha. Akanijibu, "Huyo tulimzika kabla ya mkutano huo, mwanangu." Mteja hakununua.

Angalieni kwamba hapakuwa na kamera ya kalamu wala simu iliyodukuliwa. Palikuwa na daftari la kijiji, mzee mwenye kumbukumbu, na ruhusa ya kuketi pale. Kila kitu nilichokiona kingeweza kuletwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kila mtu niliyezungumza naye angeweza kuitwa. Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona au kusikia mwenyewe. Ripoti ya mpelelezi iliyojaa "chanzo changu kimeniambia" ni nzuri kwa maongezi ya hotelini, lakini wakili wa upande wa pili ataikata kwa swali moja.

Nimechagua mfano wa ardhi kwa sababu huko ndiko fedha za ukanda huu zilipo. Barabara ya Korogwe hadi Handeni na ya Handeni hadi Mkata zilipowekwa lami, bei ya ardhi nayo ikaanza mbio zake. Dhahabu ya Magambazi iliwaleta wachimbaji wadogo na kampuni kutoka Kanada. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Chongoleani linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza, na kila lilipopita palikuwa na orodha ya fidia na swali la nani hasa mwenye shamba. Kuanzia Juni 2022, kijiji cha Msomera wilayani Handeni kikapokea familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro, na maswali ya nani alikuwa pale kabla yakaamka. Mashamba ya mkonge ya Korogwe nayo yana historia ndefu tangu enzi ya Wajerumani: yamepita kwa wakoloni, kwa shirika la umma, kwa wanunuzi wa ubinafsishaji, na katikati watu wamelima mahindi, wamejenga, wamezika. Hati inaweza kuwa halali kabisa na shamba lisiingilike. Mteja aliyeko ghorofani Dar es Salaam hawezi kuyaona hayo kwenye ramani.

Kuna wanaosema kazi hii haipo Tanzania. Ipo tangu zamani, ila imevaa nguo nyingine. Wizi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu ulithibitishwa na wakaguzi wa kampuni binafsi ya Ernst & Young, waliobaini malipo ya zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22, na Januari 2008 Rais Kikwete akamwondoa gavana. Nyaraka za usajili, anwani zisizokuwepo, wakurugenzi wasiofahamika: hizo ndizo zilizozungumza. Mpelelezi wa leo anayeanza kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kuangalia nani mwanahisa wa kampuni inayouza shamba, anafuata njia ileile.

Sasa nije kwenye dhana potofu, na nianze na ile inayonichosha kuliko zote. Mteja mkubwa akikaa tu kitini anasema, "Nataka orodha ya simu zake za miezi sita." Anaamini kwamba kulipa vizuri kunafungua milango ya kampuni za simu. Ni kweli wapo vijana wanaouza taarifa hizo, na ni kweli wapo wapelelezi wanaozinunua. Wote wanavunja sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kunasa na kutoa mawasiliano ya mteja bila mamlaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata anayeingia kwenye kifaa au akaunti ya mtu bila idhini. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye Tume yake, inayomtaka kila anayekusanya taarifa za watu ajisajili na awe na lengo halali la kuzikusanya. Mpelelezi binafsi anakusanya taarifa za watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Sheria hii inamhusu kuliko anavyodhani.

Wa kumkumbuka hapa ni Peter Humphrey, Mwingereza aliyekuwa na kampuni ya uchunguzi nchini China. Mteja wake alikuwa kampuni kubwa ya dawa, GSK, iliyotaka kujua nani anaisambazia tuhuma. Agosti 2014 mahakama ya Shanghai ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu, na mkewe miaka miwili, kwa kununua taarifa binafsi za raia wa China. Baadaye Humphrey alilalamika kwamba mteja hakumweleza ukweli wote kuhusu tuhuma zenyewe. Wakubwa wanapenda kumpa mpelelezi nusu ya habari, ile inayowapendeza, na kumwacha akanyage kwenye ile nusu nyingine gizani. Kampuni ile ipo hadi leo. Aliyelala gerezani ni mpelelezi.

Dhana ya pili ni ya mapenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mume au mke haki ya kumdai fidia ya ugoni mtu aliyezini na mwenzi wake, na madai hayo yanaweza kuanzia hata Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo mheshimiwa au mfanyabiashara anayemshuku mkewe anataka picha ya kitandani kutoka nyumba ya wageni ya Segera au Korogwe stendi. Mahakama haihitaji picha hiyo. Ugoni huthibitishwa mara nyingi kwa mazingira: uhusiano wa wawili, nafasi waliyopata, mashahidi waliowaona wakiingia na kutoka. Anayemhonga mpokezi ampe ufunguo au daftari la wageni anaongeza kosa la jinai juu ya kesi ya madai. Mimi kazi za ndoa huwa nazikataa, na sababu yangu si ya kisheria: nimeona mara nyingi mno kwamba anayetaka picha hataki talaka wala fidia, anataka silaha. Mpelelezi anayempa silaha mtu mwenye hasira ajiandae kuitwa shahidi wa kesi nyingine mbaya zaidi.

Jirani ya dhana hiyo ni ile ya vinasaba. Katika mirathi ya tajiri, mara bahasha inaletwa ikiwa na mswaki au nywele za mtoto, "nipimie kimyakimya." Hakuna kupima kimyakimya. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 imeliweka jambo hilo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa mamlaka kama mahakama, polisi, wakili au ustawi wa jamii. Mrudishie bahasha yake.

Wengine hudhani askari mstaafu moja kwa moja ni mpelelezi bora. Anaweza kuwa. Lakini uzoefu wake ulijengwa juu ya mamlaka ambayo hanayo tena. Alizoea kuita mtu kituoni akaja. Sasa anaomba na anakataliwa. Mbaya zaidi ni yule anayeendelea kutoa kitambulisho cha zamani, au anayemwambia mtendaji wa kata kwamba ametoka "ofisi kuu". Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kijijini habari hiyo humfikia mkuu wa upelelezi wa wilaya kabla chai haijapoa. Ukikuta jinai, andika, tunza, mpeleke mteja wako akachukue RB. Jalada ni la polisi.

Handeni ina mshindani mwingine wa mpelelezi ambaye miji mingine haina kwa kiwango hiki: mpiga ramli. Sifa ya uganga ya wilaya hii inajulikana nchi nzima, na wateja wakubwa, wakiwemo wasomi, huja usiku na magari ya maana. Sina ugomvi na mganga anayetibu kwa mitishamba. Ugomvi wangu ni na ramli chonganishi, ile ambayo serikali iliipiga marufuku Januari 2015 wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, lakini madhara kwa upelelezi ni ya namna nyingine kabisa. Mteja anakuja kwako akiwa ameshapewa jina. Mhasibu fulani, shemeji fulani. Hatafuti ukweli tena, anatafuta ushahidi wa kulivalisha jina hilo. Mpelelezi akikubali kuanza na jina, kila atakachokiona kitaelekea huko, na mwizi halisi atahudhuria kikao cha kumfukuza asiye na hatia. Kwa sababu hiyo, swali langu la mwanzo kwa mteja wa huko limekuwa, "Umeshaambiwa ni nani?" Wengi hucheka kwanza, kisha hutaja.

Na kuna hatari ya mwisho, ambayo haimo katika sheria yoyote: mteja anayelipia ukweli kisha akaufungia kabatini. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia madarakani Kenya mwishoni mwa 2002 iliwakodi Kroll, kampuni ya uchunguzi yenye jina duniani, wafuatilie mali zilizodaiwa kuporwa katika utawala uliotangulia. Ripoti ilikabidhiwa 2004. Wananchi waliijua 2007 tu, ilipovuja kupitia WikiLeaks na gazeti la The Guardian, na serikali iliyoiagiza ikasema haikuwa kamili. Waliotajwa hawakupata nafasi ya kujibu mahakamani, na umma haukupata hukumu. Mpelelezi hana uwezo wa kumlazimisha mteja atumie ripoti. Anachoweza ni kuiandika kwa namna ambayo, ikivuja, kila sentensi itakuwa na miguu ya kusimamia na hakuna asiyehusika aliyechafuliwa.

Tufanye nini? Kwanza kabisa, hatuna sheria mahususi inayomsajili mpelelezi binafsi kwa jina hilo na kumnyang'anya leseni akikosea. Kenya ilitunga sheria ya usalama binafsi mwaka 2016, Afrika Kusini ina mamlaka inayosimamia walinzi na wapelelezi pamoja. Uingereza ilitunga sheria 2001 lakini hadi leo haijaanza kuwapa wapelelezi leseni, kwa hiyo tusidhani ni suala la umaskini wetu. Wizara ya Mambo ya Ndani ingeanza na jambo dogo: daftari la majina, sharti la mafunzo ya ushahidi, na bima ya kumlipa anayedhurika. Nisingependa wapelelezi wachanganywe na kampuni za ulinzi wa lango. Kulinda geti na kusoma muhtasari wa kijiji ni kazi mbili.

Wakati sheria inasubiriwa, dawa iliyo karibu ni wakili. Mpelelezi akiajiriwa na wakili badala ya tajiri mwenyewe, kuna mtu katikati anayejua kipi kitakubalika mahakamani na anayeweza kusema hapana bila kuogopa kukosa chakula. Malipo yawe kwa siku au kwa kazi, kamwe yasiwe kwa matokeo. Anayeahidiwa asilimia ya shamba kesi ikishinda amekuwa mdau, na hakimu atamwona hivyo. Mkataba uandike lengo la uchunguzi, mipaka yake, na taarifa zitateketezwa lini. Na halmashauri za Handeni na Korogwe zingetusaidia sote kwa kuvipa vijiji rejista za ardhi zenye namba za kurasa zilizochapwa, nakala yake ikabaki wilayani. Rejista ya namna hiyo ingezuia wembe ambao makachero hulipwa kuugundua.

Nawe msomaji uliyefikiria kumtafuta mtu wa kazi hii, mwombe mkataba, mwulize kama amejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwambie habari yote, hata ile inayokuaibisha. Akikuahidi orodha ya simu za mtu ndani ya siku mbili, lipa soda yake na uondoke.